Saa nane za kutafuta tundu moja: siku yangu gereji, Kizota

Mwezi wa saba Dodoma upepo unaanza kabla ya jua. Saa kumi na mbili natoka nyumbani nimevaa makoti mawili, na nikifika Kizota spana bado zinauma vidole kwa ubaridi. Dogo anafagia, mimi napanga vyombo. Hadi saa nne tumeshabadilisha brekipedi za Noah moja na kumwaga oili ya IST. Hizo mkono umeshazizoea.

Saa nne na robo ikaingia pikapu inavutwa na Fuso kwa kamba. Hilux ya mwaka 1994, injini ya dizeli aina ya 3L, nyuma magunia manane ya mchele kutoka Bahi. Mwenye gari ni mtu mzima, na haraka yake ilionekana tangu anashuka. Shikamoo yangu aliipokea juu juu.

"Fundi, hedi gasketi imekwenda. Fungua hedi, mchele unasubiriwa sokoni."

Hedi gasketi ndiyo inayoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku ya chini, maji yasiingie pasipotakiwa. Nikamwuliza nani kasema. Fundi wa kijijini kasema, na mpwa wake aliyeko Dar kathibitisha kwa simu. Gari linakunywa maji, kila safari lita tatu, na chini halidondoshi hata tone. Kwa hiyo, kwa hesabu yao, maji yanaingia ndani ya injini.

Wakati naongea na dogo, mzee akawa ameshika kitambaa anataka kufungua mfuniko wa rejeta. Nilimdaka mkono. Hapa tulipo ni mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Kwenye sufuria ya wazi maji yanachemka yakifika nyuzi 96 hivi. Ndani ya rejeta mfuniko unayabana, yanavuka nyuzi 100 yakiwa bado maji. Ulegeze mfuniko, yanachemka kwa mpigo na kukurukia usoni, maji na mvuke. Mimi nina kovu la kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tukasubiri ipoe. Mteja akiona fundi kakaa anadhani hafanyi kazi.

Ilipopoa nikaanza na hiyo hedi yao, kwa sababu sipendi kukataa neno la mtu bila kulipima. Kifuniko cha oili: safi, hakuna ute mweupe kama maziwa. Nikajaza maji, nikawasha injini mfuniko ukiwa wazi: hakuna mapovu yanayopanda. Mpira wa juu wa rejeta haukukakamaa injini ikiwa bado ya baridi. Moshi wa kawaida. Nikamwambia, mzee wangu, hedi yako ni nzima. Akampigia mpwa wake, akaniwekea simu sikioni. Mpwa anasema nifungue tu hedi, wao watalipa. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikarudisha simu.

Nina kifaa nilichotengeneza mwenyewe: mfuniko wa zamani wa rejeta niliochomelea valvu ya tairi, najaza upepo kwa pampu ya baiskeli yenye geji. Nikasukuma hadi psi 13, presha ambayo mfuniko mzima wa gari hili unahimili. Baada ya dakika tano geji ikasoma 10. Kuna mahali panavuja. Nikamwomba jirani wa kuchomelea azime grenda, vijana wa bodaboda wapunguze redio, nikainamisha sikio. Upepo wa Dodoma ukawa unafoka kuliko injini. Nikapitisha vidole wota pampu, chini kwenye kile kitundu chake kinachotoa maji pampu ikianza kuvuja: pakavu. Mipira ya rejeta: mikavu. Rejeta yenyewe ina ukoko mweupe wa chumvi kwenye viungo, maji ya kisima haya yanaacha alama popote, lakini unyevu hakuna.

Saa saba ilipita hivyo. Mama ntilie alileta ugali na mlenda, nikala nimesimama. Mzee hakula. Kila dakika kumi anauliza, "Bado hujaona?" Na mimi kweli nilikuwa bado sijaona, kiuno kinawaka moto, na nusu ya nafsi yangu inasema fungua hedi, hawa watu watalipa, umalize.

Sikufungua. Nikarudishia mfuniko, nikawasha injini tena, nikaiacha ipate moto kabisa. Nikachukua kipande cha kioo cha pembeni cha bodaboda na tochi, nikakiingiza nyuma ya injini, pale mkono haupiti, kwenye mipira miwili ya hita inayoingia kebini. Ndani ya kioo nikaona ukungu. Mwembamba kama pumzi ya mtoto asubuhi ya baridi, unatoka, unagonga chuma cha moto, unapotea. Ndiyo maana chini hapadondoki kitu.

Mpira ulipotoka ulikuwa laini kama ndizi iliyoiva sana. Nikaukunja mbele ya mzee: ngozi yake imepasuka kama mbuga ya Bahi mwezi wa kumi, na katikati ya ufa mmoja kuna tundu la sindano lenye ukoko wa kijani. Likiwa la baridi linajibana. Likipata moto na presha linafunguka.

Mipira miwili mipya, klipu nne, msasa kwenye mabomba yaliyoota kutu, mfuniko mpya wa rejeta. Kulanti, ile dawa ya rejeta, nikachanganya nusu kwa nusu na maji ya mvua ninayokinga kwenye pipa tangu masika. Jua lilikuwa limeshashuka.

Niliposema ufundi ni shilingi 40,000 akang'aka, kwa mipira tu? Nikamwambia, hedi ungenilipa laki mbili na nusu bila kuuliza, na Jumamosi ungerudi maji yanapotea vilevile. Alikaa kimya, akahesabu noti.

Ikabaki kutoa hewa. Nikaliinua gari mbele kwenye kichuguu, nikafungua koki ya hita iliyokuwa imeganda kwa kutotumika, nikaacha injini ingurume mpaka mapovu yakaisha. Tukaenda mpaka Nala na kurudi, geji ya joto imesimama katikati, haicheziki. Upepo nje unakata. Mzee akaweka viganja mbele ya matundu ya dashibodi, hewa ya moto ikamfikia.

"Kumbe hili gari lina hita," akasema. Analo mwaka wa tisa.

Tulipofika gereji aliniomba nisizime kwanza.