Goti na spana

Miaka 63, na bado naenda mjini kwa baiskeli kutoka Pongwe.

Mwezi mzima huu goti la kulia halinipi raha. Maumivu yako mbele, kwenye pia ya goti, kama msumari. Nimechua kila dawa, hadi mama watoto kanihamisha chumba kwa harufu.

Leo fundi wa njiani kanitazama nikikanyaga pedeli, akacheka: "Shikamoo babu. Mbona umekaa kama uko kwenye mbuzi ya nazi?"

Akashika spana, akapandisha siti vidole viwili. Basi!

Goti bado linauma, ila ule msumari umelegea.

Na siti niliishusha mwenyewe mwaka jana, kwa woga wa kuanguka.

Wazee wenzangu, siti zenu zikoje?