Starehe ilianza na mabanda mawili ya mabati

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Nairobi ilikuwa na wavulana wengi wasio na pa kulala. Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni Oktoba 1952 dhidi ya uasi wa Mau Mau ilikuwa imepeleka wazazi kizuizini, na msako wa Operesheni Anvil wa Aprili 1954 ukazoa maelfu ya watu jijini. Mtoto akikamatwa arudishwe kwao, mara nyingi hapakuwa na kwao: baba yuko kambini, shamba limekwenda, mama hajulikani aliko. Ndiyo maana misako haikuwaondoa barabarani.

Mwaka 1959 Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu wakafungua Starehe Boys' Centre, makao na shule ya wavulana wa aina hiyo jijini Nairobi. Griffin alikuwa amefanya kazi Wamumu, kambi ya vijana waliozuiliwa wakati wa Mau Mau, na huko aliona kijana hubadilika akipewa kazi, masomo na imani. Bweni la kwanza lilikuwa mabanda mawili ya mabati waliyopewa na kampuni za Shell na BP.

Mabanda hupatikana. Kinachoangusha vituo vingi vya watoto wa mitaani ni mwezi wa saba tangu kufunguliwa, msisimko wa wafadhili ukishapoa huku unga, sabuni, dawa na mishahara vikidai kila wiki. Starehe ilijishikiza kwa mfadhili anayemlipia mvulana mmoja mmoja, baadaye ikapokea pia wachache ambao familia zao zinaweza kulipa karo, huku wengi wakisoma bure. Anayeanzisha kituo leo na apige hesabu ya mtoto mmoja kwa mwaka mzima kabla ya kununua kitanda cha pili.

Kisha kuna baraza. Griffin alikaa na wavulana mara kwa mara, wakasema wazi kilichowaudhi, chakula au kiranja, bila kuadhibiwa. Hili tunaliona kubwa kuliko majengo. Mtoto aliyeishi mtaani anajua njia moja tu ya kulalamika, nayo ni kutoroka. Usipompa nyingine, utahesabu vitanda vitupu kila Jumatatu.

Hatari ya mwisho huja na sifa. Starehe ilipoanza kuongoza katika mitihani ya taifa, wenye uwezo nao walizitaka nafasi zake. Barua ya chifu peke yake haitoshi kuthibitisha umaskini. Mtu wa kituo afike nyumbani, aone paa, aulize majirani nani anamlisha mtoto, na afanye hivyo kabla jina halijaingia kwenye orodha.