Mpwa wangu namba saba, kwa jicho la namba tatu

Nikipita Chikongola, hapa Mtwara, na mpwa wangu lazima mtu atusimamishe. "Huyu ndiye yule wa juzi? Mjomba, hapo una mali." Mali ipo, sibishi. Ana miaka 17, anacheza namba saba, yaani winga wa kulia, na akianza kukimbia na chaki, ule mstari wa pembeni, hata muuza pweza anaacha kisu anatazama. Mbio zile hakufundishwa na mtu.

Shida ni kwamba mimi nilikuwa namba tatu, beki wa kushoto. Ujana wangu nimeumalizia upande uleule anaoshambulia yeye, kazi yangu kukaba watu wa aina yake. Na namba tatu yeyote mzoefu akimtazama huyu mtoto atamsifu, atapiga makofi, halafu atakwambia angemkaba na usiku angelala vizuri.

Watu hudhani beki anaogopa chenga. Mwenye chenga anakuja mbele yako, unamwona. Unarudi nyuma taratibu, unamsogeza kwenye chaki, unasubiri mpira umtoke kidogo mguuni, basi. Aliyekuwa ananikosesha raha ni yule ninayegeuza shingo kutazama mpira ulipo, nikirudisha macho hayupo. Yuko mgongoni kwangu, na pasi ya upenyo imeshapigwa.

Mpwa wangu bado hajawa huyo. Yeye anataka mpira mguuni. Asipopewa analalamika, anatupa mikono hewani, anasimama.

Nisije nikaonekana simtendei haki, maana amekua kweli. Zamani mpira ukimjia alikuwa anaukanyaga kwa wayo, anausimamisha, ndipo anaanza kufikiri. Uwanja wetu wa mtaani una mchanga, mpira wenyewe unachoka njiani, kwa hiyo tabia ile haikumgharimu. Siku walipopata nafasi ya kucheza Nangwanda Sijaona, kwenye nyasi, mpira ukawa unamteleza chini ya wayo na kutoka nje, na watu jukwaani wakamcheka. Hakusema kitu. Tangu hapo nikawa namwona jioni anaupiga ukutani nyuma ya banda langu la kutengenezea pikipiki, saa nzima, anajifunza kupokea akiwa ameshageuza mwili, mguu wa mbali ndio unaogusa. Sasa hivi akiupokea tayari anaondoka nao. Kwa beki hiyo ni hatua nzima ameibiwa.

Krosi nazo zimebadilika. Kipindi cha kusi, hasa Juni na Julai, mpira wa juu huku kwetu hauna mwenyewe. Unaupiga kwa kipa, upepo unaupeleka kwa mama lishe. Wenzake wengi bado wanapiga za juu kisha wanaulaani upepo. Yeye amehamia kwenye krosi ya chini, kali, inayokata katikati ya kipa na mabeki, ile ambayo beki akiigusa vibaya anajifunga. Hilo sikumfundisha mimi. Kuna mengine madogo: mguu wa kushoto kwake ni wa kubadilishia gia ya pikipiki tu, hana kazi nao nyingine, na mashuti yake yanapenda sana mtambaa wa panya, ule mwamba wa juu wa goli. Hayo yatakuja.

Linalonikera ni lile la bila mpira. Nikaona maneno hayatoshi, nikampeleka Ruangwa. Siku hizi mtu wa Kusini akitaka kutazama Ligi Kuu huko ndiko anakokwenda. Msimu wa 2019/20 ulitupanga upya: Ndanda wetu wa Mtwara wakashuka daraja, na Namungo wa Ruangwa, msimu wao wa kwanza kule juu, wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba wakawafunga 2-1. Mtu wa Mtwara analimeza hilo kwa shida lakini analimeza.

Tukakaa upande wa chaki pale Uwanja wa Majaliwa. Nikamwambia, leo mpira usiutazame, mtazame yule winga peke yake, ukipepesa macho nakufinya.

"Sasa mjomba, tumelipa kiingilio tusitazame mpira?"

"Tazama nilichokwambia."

Alinuna kipande kikubwa cha kipindi cha kwanza. Winga yule alikuwa anatembea tu. Anafunga kamba ya kiatu, anasogea hatua mbili kuufuata mpira, ananyoosha mkono kama anauomba mguuni, anarudi. Beki naye akawa anamfuata, hatua mbili mbele, hatua mbili nyuma. Mara kiungo akainua kichwa. Winga akaanza zilezile hatua mbili za kuja, beki akaja naye, na hapohapo akageuka akapotea. Mpira ukamkuta peke yake ndani ya 18. Akapiga nje, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Mpwa wangu akanishika mkono. "Mjomba, alikuwa anamdanganya."

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Tangu mwanzo. Zile za kutembea zote."

Nikamnunulia soda. Mtu akiliona hilo kwa macho yake huna haja ya kumhubiria.

Kuliona ni jambo moja, kulifanya ni lingine. Alivyorudi nyumbani akaanza kukimbilia nyuma ya mabeki kila dakika, na kila dakika kibendera kinapanda, ofsaidi: amewatangulia mabeki kabla mpira haujapigwa. Anakimbia moja kwa moja kuelekea goli, kiungo bado anahangaika kuuweka mpira vizuri. Nikamweleza atazame kichwa cha mpigaji. Kikiwa juu, mpigaji anakutafuta. Kikiinama kwenye mpira, anapiga, na huo ndio wakati wa kuondoka. Na kabla ya hapo ukimbie sambamba na mstari wa mabeki, usiukate mapema. Katika kuongea ndipo nikagundua hajui kwamba mpira wa kurusha hauna ofsaidi. Miaka yote anacheza, mpira ukirushwa anajipanga kwa adabu sawa na beki wa mwisho! Mpira wa kuanzishwa golini na kona ni hivyohivyo, Sheria ya 11 ya soka imeandikwa wazi. Makocha wetu wa mitaani wanafundisha kukimbia kuzunguka uwanja hadi watoto wanatapika, sheria hawaisomi. Basi.

Kuna upande mwingine wa jambo hilohilo. Shambulizi likiwa kushoto, yeye anasimama kwenye chaki kulia, ameshika kiuno, anasubiri zamu yake. Namwambia amfikirie Simon Msuva. Mwaka 2014/15 akiwa Yanga alimaliza mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 17, na ni mtu wa pembeni. Ukisubiri kwenye chaki hufiki 17, unafikaje? AFCON ya 2019, akiwa na Taifa Stars, akawafunga Kenya, ile iliyochezwa Januari 2024 akawafunga Zambia. Wapo mawinga wa Kitanzania wenye chenga kumzidi, nami nimewaona. Ila mpira ukidondoka mbele ya goli anayekuwepo ni yeye. Mpwa wangu ananijibu kwamba akiingia ndani kila mara atachoka. Pumzi anayo, ila anaiweka akiba kwa ajili ya chenga.

Dada yangu hataki kusikia habari ya mpira mpaka mtoto amalize kidato cha nne, na msimu wa korosho ukianza anamtuma kwa bibi yake Newala kuokota. Naliunga mkono lote. Kuna bwana mmoja alikuja na ahadi za timu na majaribio, akaomba hela ya fomu. Dada yangu alimsindikiza mlangoni kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Kwa sasa zoezi letu tunalifanyia ufukweni Shangani, maji yakiwa yametoka na mchanga umeshikana. Binamu yake mdogo anakuwa kiungo, mimi na goti langu bovu nakuwa namba tatu. Sharti moja: mpira mguuni hapewi, apewe nyuma yangu au asipewe kabisa. Mwanzoni nilikuwa namwona akianza kuvuta pumzi tu, nageuka naye. Jumapili iliyopita alikuja zile hatua mbili, akanyoosha mkono, akamwita binamu yake kwa jina, nami nikageuza shingo kumtazama mtoto anayepiga. Nilipogeuka tena alikuwa ameshafunga kati ya vile vifuu viwili tunavyofanya goli, anacheka.

Nilipiga kelele ofsaidi. Binamu mtu akakataa, wavuvi waliokuwa wanashona nyavu wakakataa, na mmoja akaniuliza kama timu yetu haina namba tatu mwingine.