Siku Moja Maishani Mwangu: Kuandika Habari za Mipini ya Panga za Ufilipino

Saa mbili asubuhi ninafungua ghala la makumbusho ninamofanya kazi, hapa Marekani, na kabla ya lolote ninasoma kipimo cha unyevu, kwa kuwa pembe za ndovu na mbao kavu hupasuka hewa inapobadilika ghafla.

Saa tatu ninatoa barong, upanga mfupi wenye bapa pana, wa Watausug wa visiwa vya Sulu, nikiubeba kwa mikono miwili, kwani ulimbo unaoshika msuka wa bapa ndani ya mpini umekauka. Rejista ya zamani imeandika urefu wa chuma na neno "Moro", jina la jumla la Waislamu wa kusini mwa Ufilipino, basi. Panga nyingi za aina hii zililetwa na wanajeshi wa Marekani waliotumikia Mkoa wa Moro, eneo la kusini mwa Ufilipino lililokuwa chini ya Marekani, uliodumu kuanzia 1903 hadi 1913, na aliyezipokea hakumjali mchongaji. Mimi ninaanzia kwenye mpini. Noleo la fedha limezungushiwa pete za nyuzi zilizosokotwa, na juu yake mti wenye mabaka umepinda hadi kuwa kichwa cha kakatua, mdomo upande mmoja na kishungi upande wa pili. Ninapouweka chini ya lenzi, ninaona kwamba sehemu ya chini ya mdomo imelainika na kung'aa pale kidole cha mwisho kilipokuwa kikikaa, kwa maana kichwa hicho cha ndege, pamoja na uzuri wake wote, ndicho kilichozuia mkono usiteleze. Ninaliandika jambo hilo kwa ukamilifu, na asubuhi yote inaishia hapo. Kwangu ni muda uliotumika vizuri.

Saa nane mchana ni zamu ya kampilan, upanga mrefu wenye mpini uliogawanyika nchani mithili ya kinywa kilicho wazi. Wapo wanaoona humo mamba, wengine naga, nyoka wa hadithi, wengine bakunawa, joka limezalo mwezi. Ninaziandika rai zote tatu.

Saa kumi ninapitia kwa haraka tenegre moja, upanga wa kisiwa cha Panay, ambayo mpini wake wa pembe ya nyati umechongwa kiumbe mwenye meno.

Saa kumi na moja ninakutana na fundi wa kabati za maonyesho. Alikuwa amepanga vishikizo viikamate mipini. Ninamwomba avihamishie kwenye bapa, naye anakubali kuvitengeneza upya.