Oili gani hiyo?

Gari lilikuwa Mark II, ile GX100 ya mwaka 1998, injini ya 1G yenye silinda sita, giaboksi otomatiki. Nililinunua kwa mstaafu mmoja wa mtaa wa Forest, hapa Mbeya, ambaye alilitunza sana kwa nje. Rangi ilikuwa inang'aa, viti havina hata tundu la sigara. Ila kwenye rejeta alikuwa anajaza maji ya bomba, na kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini yanayozuia kutu, aliiona ni anasa ya watu wa Dar.

Mwaka 2017, kipupwe kimekolea, likaanza kunisumbua. Mizunguko ya hapa mjini, Uyole na Soweto, halikuwa na tatizo. Lakini kila nilipokwenda kwa wazazi Tukuyu, nikishaiacha Igawilo na kuanza kupandisha kuelekea Isyonje, mshale wa joto nao ulikuwa unapandisha. Nikisimama dakika kadhaa pembeni, unashuka. Nikiondoka, unarudi kule kule.

Asubuhi moja, injini ikiwa baridi kabisa, nikafungua mfuniko wa rejeta. (Injini ikiwa ya moto usithubutu. Mfuniko ule unayabana maji kwa presha ndiyo maana yanavumilia joto kubwa bila kuchemka, na kwa mwinuko wetu huu wa Mbeya, wa mita 1,700 hivi, maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 tu. Ukifungua, yote yanakurukia usoni.) Sikuona maji. Kulikuwa na utando mzito, rangi ya uji wa ulezi uliozidishwa maziwa. Nikachovya kidole. Ulikuwa unateleza na kunata kwa wakati mmoja, na niliponawa kwa sabuni ulibaki kwenye kucha mpaka jioni.

Fundi wa kwanza, kijana wa gereji moja ya Mwanjelwa, hakuhangaika sana. Alichungulia, akapiga mluzi. "Bosi, oili na maji zimeshakutana. Hedi gasketi imekufa." Yaani ile gasketi inayobanwa kati ya bloku ya injini na hedi, kifuniko chake cha juu, na kutenganisha njia za oili, za maji na silinda. Nikamuuliza ana uhakika gani. Akafungua mfuniko wa kujazia oili juu ya injini, akaugeuza nione kwa ndani: ute mweupe, kama unavyosimuliwa kila mahali kwamba ukiuona tu ujue injini imeingia maji. Mpango wake ulikuwa kushusha hedi, kuipeleka ikasawazishwe kwenye mashine, kisha gasketi seti mpya. Nikampa hela ya gasketi aanze kutafuta, tukakubaliana nimletee gari Jumatatu.

Aliyeharibu mpango huo ni shangazi yangu, mtu ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli. "Kabla hawajakufungulia hilo gari, mpelekee yule mzee wa Ilomba aliyekuwa TAZARA. Huyo akigusa injini anaiuliza maswali kwanza."

Nikaenda. Mzee alikuwa amevaa koti zito na kofia ya sufu, amekaa kwenye tairi bovu, jiko la mkaa miguuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Linaumwa nini?"

"Oili imeingia kwenye maji."

"Oili gani?"

Sikuwa na jibu. Kwangu mimi oili ilikuwa oili. Akanyanyuka taratibu, akaanza kuhesabu kwa vidole: ya injini, ya giaboksi, ya usukani. Ya usukani akaikunja hapo hapo, kwa sababu kwenye gari hili haikutani na maji popote. Zikabaki mbili.

Alianza na ya injini. Akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kukiangalia kwenye jua. Oili nyeusi, safi, haina povu. Nikamwambia habari ya ule ute mweupe chini ya mfuniko. Akaniuliza naishi wapi na nafanya kazi wapi. Uyole, Soweto. "Na baridi hii? Injini yako inazimwa kabla haijapata moto wa kukausha unyevu wake. Mvuke unapanda, unagota kwenye mfuniko wa baridi, unachanganyika na oili. Magari nusu ya mji huu yana ute huo Julai. Lipeleke Kyela wiki moja uone kama utauona."

Kisha akaniambia niwashe, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, injini bado baridi. Tukainama wote wawili kama tunachungulia kisima. Gasketi ikiwa imepasuka kuelekea kwenye silinda, gesi ya mlipuko inapenya kwenye maji na mapovu yanatoka mfululizo, ukikanyaga mafuta yanazidi. Hayakutoka. Bomba la moshi nalo, baada ya mvuke wa mwanzo wa asubuhi kwisha, halikuwa na moshi mweupe. Akafungua plagi zote sita, akazipanga kwenye gazeti kwa mpangilio wa silinda zake. Maji yakiwa yanaingia kwenye silinda, plagi yake hutoka imeoshwa, nyeupe kuliko wenzake. Za kwangu zilifanana zote, kahawia.

Ndipo akageukia giaboksi. Alinifanya niwashe tena, gia iwe kwenye P, maana haidroliki, yaani oili ya giaboksi otomatiki, ya gari hili hupimwa injini ikiunguruma. Kijiti kikatoka. Haidroliki inatakiwa iwe nyekundu, unaona chuma ng'ambo yake. Ile ilikuwa ya waridi, ina povu, huoni kitu.

Pengine mtu mwingine angeishia hapo. Mzee alichukua vijiko viwili vya chai, akavifuta kwa shati lake, akaviweka juu ya mkaa mpaka vikashika moto. Kwenye cha kwanza akadondosha oili ya injini kutoka kwenye kijiti. Ilitoa moshi mwembamba, ikatulia. Kwenye cha pili akadondosha ile ya waridi. Ikalia! Ta-ta-ta, vitone vikaruka mpaka kwenye mkono wa koti lake. "Oili haina sauti," akasema. "Hayo ni maji."

Akanieleza huku anafungua boliti. Ndani ya tangi la chini la rejeta kuna bomba dogo. Haidroliki inatoka kwenye giaboksi, inapita humo ikapoe, inarudi. Kutu ikilitoboa, injini ikiwa inafanya kazi haidroliki ina presha kubwa kuliko maji, kwa hiyo inavuja kwenda kwenye maji. Ukizima, presha ya giaboksi inakufa papo hapo, lakini rejeta bado ina moto na presha yake, basi sasa maji ndiyo yanasukumwa kwenda kwenye giaboksi. Na humo ndimo kuna hasara yenyewe, kwa sababu maji yanalegeza gundi ya zile bitana za klachi. Nikakumbuka kwamba kwa muda gari lilikuwa linashtuka kidogo likiingia gia ya tatu.

Rejeta ikatoka, ikazamishwa kwenye pipa. Tundu moja la bomba la haidroliki akaliziba kwa kipande cha mti, kwenye lingine akabana mpira wa pampu ya baiskeli. Akanipa pampu. Nilisukuma. Kukawa kimya kwa kitambo, kisha kwenye mdomo wa rejeta, mahali panapojazwa maji, likatokea povu moja, la pili, kisha msururu.

Yaliyofuata ni kazi ya kuchosha tu. Rejeta ya mtumba ilipatikana Mafiati, ikapimwa kwa pampu ile ile kabla sijalipa. Tulitoa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, tukasafisha njia za maji kwa sabuni mpaka yakatoka meupe, kisha tukairudisha. Nasema tuliirudisha, kwa sababu mafundi wengi wanapenda kuitupa, halafu mtu anashangaa gari linakula mafuta na hita haifanyi kazi kwenye baridi ya Mbeya. Hozi zilizolainishwa na mafuta zilibadilishwa. Haidroliki tulimwaga na kujaza zaidi ya mara moja, maana ukimwaga kwa chini kiasi kikubwa hubaki ndani ya giaboksi. Mwishoni ikatoka nyekundu. Kule kushtuka kwenye gia ya tatu kulipungua, hakukwisha. Mzee alisema nishukuru kwa hicho kilichobaki. Safari hii rejeta ilipata kulanti.

Yule kijana wa Mwanjelwa nilimpigia simu Jumamosi. Akaja mwenyewe Ilomba na pikipiki, hakuamini, akadai apige pampu kwa mkono wake. Kisha akaomba msumeno, akalikata tangi la chini, akatuonyesha tundu: dogo, pembeni kabisa ya kiungio, ncha ya sindano ingepita kwa shida. Alilitazama muda mrefu kuliko alivyoitazama injini yangu siku ile.

"Sasa, bosi, gasketi nimeshainunua," akasema.

Nikamwambia airudishe dukani. Duka likakataa, seti ilikuwa imeshafunguliwa. Ninayo mpaka leo, imening'inia stoo. Mwenye 1G inayoihitaji kweli aseme, ila apige pampu kwanza.