Saa Sita za Kuelekea Faulhorn

Mwaka jana nilirudishwa na baka la theluji lenye upana wa kama hatua ishirini. Ilikuwa mwisho wa Juni. Mjini Bern, ninakoishi, watu walikuwa wakiogelea mtoni Aare, nami nikaamini kiangazi kimefika kila mahali. Baada ya mwendo wa karibu saa moja na nusu kutoka Schynige Platte, kituo cha mwisho cha treni ya mlimani, nikakuta njia imefunikwa na theluji kuukuu, ngumu, imelala kwenye mteremko mkali. Nyayo za mtu aliyetangulia zilionekana juu yake. Nilisimama pale robo saa nzima, nikautazama ule mteremko unakoishia, kisha nikageuka.

Safari ya mwaka huu ilianza siku ile ile, kwenye treni ya kurudi.

Faulhorn ni kilele cha mita 2,681 katika Bernese Oberland, nchini Uswisi. Si kilele cha kamba na shoka la barafu; kiangazi unakipanda kwa miguu yako na buti nzuri. Lakini njia niliyoitaka, ya kutoka Schynige Platte hadi First, kituo cha gari la kamba juu ya Grindelwald, kupitia kileleni, ina karibu kilomita 16, nyingi zikiwa juu ya mita 2,000. Katikati hakuna barabara wala kituo cha usafiri cha kukuokoa ukichoka.

Nilimpigia shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayeishi Stuttgart. Yeye ni mtu wa Tanga mjini, mtembeaji hodari wa barabara tambarare.

“Shemeji, kilomita 16 tu? Hiyo si tunaimaliza kabla ya chakula cha mchana?”

Nikamwambia aweke kilomita pembeni. Vibao vya manjano vya njia za Uswisi vinaandika muda: saa na dakika za mwendo, bila mapumziko. Nilipoviona mara ya kwanza vilinikumbusha kwetu Lushoto. Bibi yangu hakuwahi kunitajia kilomita hata siku moja. Alikuwa akisema ukitoka sasa hivi utafika kabla jua halijawa kali, na ukitoka baada ya chai utanyeshewa. Hesabu ya mlima ndiyo hiyo. Kilomita moja kwenye mawe ya chokaa yaliyolowa inaweza kula muda wa kilomita tatu za lami.

Basi tukachora mpango kwa saa, kwenye karatasi moja, kwa saa zetu za Kiswahili ili tusichanganyikiwe. Tulianzia mwisho: gari la kamba la kushuka kutoka First kwenda Grindelwald lina safari ya mwisho, na likikuacha unashuka kwa magoti yaliyokwisha choka. Tukataka tuwe First saa tisa na nusu alasiri, tubaki na akiba. Sababu ya pili ni radi. Mchana wa Agosti joto hupanda kutoka mabondeni, mawingu hujijenga, na ngurumo huja alasiri. Kwenye ukingo ulio wazi mtu ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Kwa hiyo kileleni tufike saa saba, tusikae zaidi ya nusu saa.

Kisha nikaona jambo ambalo mwaka jana sikuliona kabisa. Kuna kibanda cha mlimani kinachoitwa Männdlenen, mita 2,344, kwenye upenyo kati ya kuta za mawe. Kutoka Schynige Platte hadi pale ni karibu saa tatu. Kutoka pale kupitia kileleni hadi First ni karibu saa tatu vilevile. Mtu akifika Männdlenen kisha ndipo aanze kujiuliza kama arudi, amechelewa, maana pande zote mbili ziko sawa. Uamuzi wa kugeuka lazima ufanyike mapema, saa moja na nusu baada ya kuanza. Nikaandika kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu: saa nne kamili, tusimame, tutazame mbingu, kila mmoja aseme ukweli kuhusu miguu yake. Mmoja akisema turudi, tunarudi bila mjadala.

Mengine yalikuwa mepesi. Maji lita mbili na nusu kila mtu, kwa sababu mwamba wa chokaa huyameza na njiani hupati chemchemi ya kutegemea. Chapati, mayai ya kuchemsha, tende, chumvi kidogo. Koti la mvua na sweta hata kama asubuhi ni joto. Ramani ya karatasi ya 1:25,000, kwani betri ya simu huisha. Namba 1414 ya Rega, waokoaji wa angani wa Uswisi, na ishara ya dhiki ya milimani: filimbi au tochi mara sita kwa dakika, unapumzika dakika moja, unarudia. Tuliifanyia mazoezi sebuleni, mke wangu akitusikiliza.

Hatukuchagua tarehe bali wiki. Kila jioni nilisoma utabiri wa MeteoSwiss, idara ya hali ya hewa ya Uswisi, na Jumanne ilipoonekana safi tukaenda kulala Wilderswil ili tupande treni ya kwanza ya Schynige Platte. Ni reli ya meno, yenye gurudumu la meno linaloshika mteremko, iliyofunguliwa mwaka 1893, inayopanda taratibu karibu saa nzima kati ya misitu na malisho. Saa mbili na nusu tulikuwa tunatembea.

Saa nne kamili tulisimama. Upande wa kusini vilele vya Eiger, Mönch na Jungfrau vilikuwa wazi, hakuna hata wingu la kufunika kiganja. Pale lilipokuwa baka la theluji palikuwa na changarawe na maua madogo ya njano. Shemeji alikaa juu ya jiwe lenye alama nyeupe-nyekundu-nyeupe, akakunja na kukunjua goti la kushoto. Akasema, “Linauma, lakini maumivu ya kawaida. Likizidi nitakwambia, shemeji, siwezi kukuficha.” Nilimwamini. Tukaendelea.

Baada ya Männdlenen njia inapanda kwa ukali, na jina la mlima linajieleza lenyewe: faul kwa Kijerumani ni kuoza, na mawe ya pale kweli yanameguka chini ya buti. Tulikwenda pole, hatua fupi, bila kuongea.

Kileleni kuna hoteli ya karne ya 19, na nyuma yake dunia inakatika. Nilikulia karibu na Irente, pale ambapo milima ya Usambara inaisha ghafla na tambarare za Mazinde zinalala chini yako, kwa hiyo nilijua mwili unavyoshtuka ukingoni. Hapa kaskazini kulikuwa na maziwa mawili, Brienz na Thun, na mji wa Interlaken katikati yake. Ukigeuka kusini, ukuta wa barafu: Wetterhorn, Schreckhorn, Finsteraarhorn yenye mita 4,274, hadi Jungfrau. Machozi yalinitoka, na shemeji akaniwekea mkono begani.

Kushuka kupitia ziwa Bachalpsee kulikuwa na watu wengi, na goti la shemeji lilitulazimisha kupumzika mara mbili. Ngurumo ya kwanza tuliisikia tukiwa tayari ndani ya gari la kamba.

Karatasi ninayo bado. Upande wa kushoto kuna saa tulizopanga, kwa mwandiko wangu. Upande wa kulia shemeji alijaza zile halisi: Männdlenen saa tano na dakika arobaini, Faulhorn saa saba na dakika kumi, First saa tisa na dakika arobaini na tano.