Tiketi Iliyoandikwa "Shindano"

Mwaka 2004 shule ya msingi ya mtaani kwetu ilikuwa na madarasa mawili yanayovuja. Kamati ya wazazi ikaamua kuuza tiketi: vitabu 10, kila kimoja tiketi 50, shilingi 500 kila tiketi, na zawadi ya kwanza baiskeli. Maneno ya tiketi niliyaandika mimi: "Shindano la Zawadi".

Mzee mmoja jirani alivaa miwani, akaisoma yake taratibu.

"Mwanangu, hapa nashindana na nani? Tunakimbia, au tunaandika insha?"

"Hapana, mzee. Tutachanganya namba kwenye ndoo, mtoto achomoe."

"Basi hii ni bahati nasibu." Akanirudishia. Kwake yeye, kulipa pesa ukasubiri namba ni kamari, na dini yake imeiharamisha. Akatoa shilingi 2,000. "Andika mchango."

Alikuwa sahihi kabisa. Shindano lina kushindana ndani yake: pana ujuzi, pana vigezo, pana mwamuzi. Nasibu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni fungu, lile lililokuangukia. Waarabu wenyewe mchezo huo huuita yanasibu. Sheria nayo husema "michezo ya kubahatisha". Chemsha bongo ndiyo hutatiza zaidi: kujibu swali ni shindano, lakini waliopatia wakiwa mia na mshindi akachomolewa mmoja, hapo mwisho ni bahati nasibu, na tangazo liseme hivyo tangu mwanzo.

Usiku ule nilikata neno "Shindano" kwa kalamu kwenye kila tiketi iliyobaki, nikaandika "Bahati Nasibu" juu yake. Waliokwisha kununua tuliwafuata nyumbani. Wawili wakarudishiwa pesa zao.

Siku ya kuchomoa tukakosea tena. Vishina, vile vipande vya tiketi vyenye namba vinavyobaki kitabuni, tulivimimina kitabu baada ya kitabu kwenye ndoo nyembamba, tukakoroga juu juu tu. Namba tatu za kwanza zote zikawa zaidi ya 450, yaani za kitabu cha mwisho kilichokuwa juu, watu wakaguna, na walikuwa na haki. Tukamwaga kila kitu kwenye mkeka, tukavihesabu vishina mbele yao, tukaondoa vya tiketi zisizouzwa, tukavikunja vyote mara mbili kwa ukubwa uleule, tukachanganya kwa mikono, tukaanza upya. Baiskeli ikaenda kwa namba 212.

Kwenye daftari la mweka hazina nilifungua ukurasa mpya, juu yake nikaandika "Michango". Jina la mzee likawa la kwanza.